Milango ya Ruwande

Mimi silali, naegemeza tu mgongo mlangoni. Nasema mapema kwa sababu wapo watakaodai nililala. Ni mchana wa mvua, maji ya mto yameshapanda ngazi, na watu wote wa Ruwande wamekwenda kilimani na milango yao vichwani, maana huku kwetu mafuriko yakija mtu hung'oa mlango kwanza, sufuria baadaye. Maji yakipungua, pale utakaposimamisha mlango wako ndipo kwako, hakuna wa kukuuliza. Wangu umevimba, haung'oki, na kiwanja changu kiko karibu na soko, kila mtu anakimezea mate. Jirani yangu Bi Somoe amekuja na mtumbwi. Mwajabu, anasema, achana na mlango, mtoe mama twende. Loo! Huruma hiyo imeanza lini? Nikitoka tu, atarudi na mlango wake ausimamishe hapa. Nimemwambia aende zake, sisi tutatoka kesho. Mama yuko kitandani mbele yangu, anakohoa, miguu haimbebi tena. Nafumba macho niyapumzishe, na mlango unafunguka kwa nje, ambako haujawahi kufunguka, nami naanguka chali barabarani.

Barabara ni kavu, vumbi tupu. Naona soko, naona msikiti, lakini msikiti uko kulia na kwetu uko kushoto, na soko limeupa mto mgongo. Mtu ananingoja. Ana kanzu, ana kofia, uso hana, pale pa uso pako laini kama yai lililomenywa. Hapa wapi? namuuliza. Ruwande, anasema. Nani kakutuma, Somoe? Aliyenituma amejifungia. Majibu gani hayo! Anatembea nami namfuata, si kwamba namwamini, ila mtu wa namna hiyo bora uuone mgongo wake kuliko yeye auone wako. Tunatoka mjini tunaingia mjini. Huu nao ni Ruwande, anasema, wa wakati wa Wajerumani, na kweli naona ghala la pamba na ukuta waliojenga kuuzuia mto, na mto umekaa ndani ya ukuta, umetulia. Barabara inapinda, inaturudisha sokoni, soko lile lile ila dogo, makuti matupu, huu ni Ruwande wa mabibi zako, anasema, uliozama masika ambayo hakuna anayeyakumbuka. Kumbe mto umehama mara zote hizi? Mto haujahama, anasema, mji ndio unaoukimbia na kuurudia. Kila mji nyumba zimeanguka, imebaki milango imesimama peke yake, imefungwa kwa ndani, na nyuma ya kila mmoja nasikia mtu anapumua. Hawa ni nani? Walinzi. Wanalinda nini? Waulize, kama watakufungulia. Nagonga mmoja. Sauti ya mwanamke inasema, nakujua wewe, ondoka. Nagonga mwingine, jibu ni hilo hilo. Hapo namsikia Mama, Mwajabu, maji, Mwajabu, sauti inatoka mbali chini ya barabara, na moyo unanipasuka, lakini najiambia, aa, ujanja huo, nani asiyeweza kuiga sauti ya kikongwe? Mwongo wewe, napiga kelele, si mama yangu! Inaita tena. Mwongo, nasema tena.

Barabara inapinda, na mlango ulio mbele yangu ni wangu, naujua kwa ubao wake uliovimba. Nagonga. Nani? Sauti ni yangu mwenyewe. Mimi Mwajabu, nasema, fungua, Mama yumo majini. Anacheka, kicheko changu kile kile cha puani. Mwajabu ni mimi, anasema, na Mama yuko hapa amelala, Somoe amekufundisha vizuri. Maji yanatoka chini ya mlango, yananilowesha vidole. Namlilia, namwapia Mungu. Kila ninaloapa analo jibu, na ni jibu ambalo ningelitoa mimi. Nageuka nimwombe msaada yule asiye na uso, hayupo. Basi naupiga mlango bega, naupiga teke, namtukana mwanamke aliye ndani matusi ambayo sijawahi kumtukana mtu, mpaka ubao unapasuka na maji yananijia mwili mzima.

Nazinduka kilimani, chini ya turubai. Bi Somoe anakoroga uji. Mama yuko ubavuni pangu, kajifunika khanga isiyo yake. Nani kafungua? nauliza. Hukufungua, anasema Somoe, tumevunja kwa shoka, mama yako maji yalishamfika kifuani. Badala ya kumwambia ahsante, namgeukia Mama. Mama hanitazami. Nimekuita mpaka sauti imekauka, anasema, nawe unanijibu mwongo wewe, si mama yangu. Mimi niliyekuzaa, Mwajabu? Aibu inanila nyama. Nalia, naushika mkono wake, naubusu. Una joto, ni wake kabisa, na hata hapo, Mungu anisamehe, naugeuza kiganja juu nitafute kovu la kisu cha muhogo. Lipo. Ila Mama hushika kisu kwa mkono wa kulia, kilimkata kushoto, na mkono huu nilioushika ni wa kulia. Au nimesahau? Naukodolea macho, nautazama na ule mwingine. Mama anaona ninachofanya. Taratibu anautoa mkono wake mkononi mwangu, anamgeukia Somoe, anamwomba uji.