Lori la Anselmo

Msiniambie mtu hawezi kupenda chuma, maana mimi bandarini hapa Long Beach nimewaona wanaume wazima wakililia klachi. Leocadio Sicán alilipenda lori lake hivyo hivyo. Lilikuwa jekundu, kuukuu, na likipanda daraja lilitoa moshi kama jiko la kuni mbichi. Ila halikuwa lake peke yake. Mbele ya mama yao alikuwa amemwahidi mdogo wake, Anselmo, kule kwao Guatemala, kwamba siku atakapomalizana nalo, litavutwa kupitia Mexico hadi kijijini, kama malori mengi ya huku yanavyoishia, likabebe miwa. Na ahadi ni deni.

Kisha ikaja ada ya kontena. Kontena likitoka bandarini kwa lori la dizeli, mwenye mzigo analipa. Likitoka kwa lori lisilo na moshi, halipi. Hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea anaiweza. Wenye mizigo wakaanza kuuliza lori ni la aina gani, na Maritza, mwanamke aliyekuwa akiwagawia madereva kazi, akaanza kumpa Leocadio masalio, halafu akawa hampi kitu. Mzee wa watu akawa anashinda kwenye kibanda cha kahawa, akiyatazama malori ya umeme yakipita kimya kimya kama wezi. Mkewe, Eulalia, hakumlaumu. Alisema tu kwamba tangu dizeli ipungue mtaani, kifua cha jirani yao kimepata nafuu, kwa hiyo yeye hawezi kuitukana ada ile. Hilo lilimuuma Leocadio kuliko tusi, kwa sababu lilikuwa kweli.

Njia ilikuwepo. Fedha za ada hiyo humsaidia dereva kununua lori la umeme, lakini kwa sharti moja: la zamani life. Lisiuzwe, lisipelekwe kwa ndugu. Litobolewe injini na likatwe chasisi mbele ya shahidi, ili moshi wake usihamie kwenye vifua vya watu wengine. Maritza alimweleza kwa upole, akamwambia pia kwamba akisuasua nafasi itakwenda kwa mwingine. Leocadio akatia sahihi.

Mtu mwenye akili angempigia mdogo wake siku ile ile. Lakini jamani, aibu hufunga mdomo. Kila Jumapili Anselmo alipopiga simu alikuwa na jipya: amepata leseni ya malori makubwa, amebomoa banda la kuku apate pa kuegesha, na mwisho akasema ameacha kazi kwenye kiwanda cha sukari. Leocadio akajibu, "Vizuri, mdogo wangu." Vizuri! Sijui hata neno hilo lilimtokaje.

Walilitoboa Jumanne. Fundi wa yadi ya vyuma chakavu alimshauri asubiri nje, akakataa. Keekee ilipopenya, mafuta meusi yakabubujika hadi kwenye viatu vyake, naye hakusogea. Akavua kofia kama yuko msibani. Fundi akacheka, kisha akamtazama usoni na kuirudia keekee yake.

Lori jipya lilikuwa jeupe, na kazi zikarudi kama vile hazijawahi kukatika. Alikuwa kwenye foleni ya geti, kontena mgongoni, Anselmo alipopiga simu. Haikuwa Jumapili. Alikuwa na mama yao, na kikongwe huyo, alisema, amegoma kuamini habari za lori mpaka alisikie kwa masikio yake mwenyewe.

"Liwashe, kaka. Simu iko kwenye spika."

Leocadio aliutazama usukani. Lori lilikuwa linawaka muda wote huo.

"Mbona kimya? Betri imekufa?"

"Zima spika, Anselmo. Toka nje."

Mlango ulisikika ukifungwa, kuku wakalia. Hapo Leocadio akamwambia yote bila kujitetea: kwamba analoendesha sasa halina sauti, ni la umeme, na lile jekundu amewaachia walitoboe. Alisema alitaka kumwambia mapema.

Upande wa pili Anselmo alisikika akiwafukuza kuku.

"Mama nitamwambia limeibwa Mexico," akasema. "Huko yanaibwa kila siku. Ataamini."

"Mwambie ukweli. Mwambie ni mimi."

"Mama ana mtoto mmoja tu wa kujivunia, kaka. Usimnyang'anye."

Akakata simu. Hakumtukana, na laiti angemtukana. Foleni ikasogea, Leocadio akasogea nayo, machozi yakimtiririka mpaka getini, na mlinzi akamuuliza namba ya kontena.