Sura Kumi na Moja Kabla ya Kitanda

Mhariri alikata kwa rula. Aliiweka juu ya ukurasa, akavuta mstari mwekundu kutoka pembe hadi pembe, akahamia ukurasa mwingine, na ilipofika saa nne asubuhi riwaya ya sura kumi na mbili ilikuwa imebaki na sura moja, ya kitanda. Zile kumi na moja alizibana kwa kibanio, akazitia kwenye bahasha ya kaki, akamrudishia mwandishi wake.

"Dada, msomaji hanunui bomba," alisema. "Ananunua kitanda."

Ni kweli, bomba lilikuwamo. Riwaya ilihusu mjane mshonaji na fundi bomba aliyekuja kumtengenezea bomba la jikoni, akarudi, akarudi tena hata pasipovuja kitu. Mwandishi hakuwa mtu wa kuona haya. Akiandika kitanda, msomaji alitafuta dirisha la kufungua. Lakini alikuwa na sharti lake, na kwa sharti hilo alikuwa mbishi balaa: hakuna mtu anayevuliwa shati kabla hatujajua anaogopa nini. Kitabu kile alikiandika miaka mitatu, kwenye meza ya jikoni, kila alipotoka kazini. Alitaka kitoke kizima, basi.

Kikatoka na kurasa tisa.

Siku ya tatu wasomaji wakaanza kupiga simu. Kwenye ukurasa wa pili mjane alikuwa ameketi kitandani, akamtazama yule mwanamume, akasema, "Samahani, tunafahamiana?" Akavaa. Fundi naye akavaa, akaomba radhi, akamshikia mlango atangulie. Kurasa zilizofuata zilikuwa na shuka tu. Nakala zote zilikuwa hivyo. Mhariri aliwajibu kwamba makosa ya uchapaji hutokea.

Mjane alifika kwa mwandishi Jumatatu, fundi Jumanne. Walikuwa wameifuata bahasha, kwa sababu maisha yao yote yalikuwa humo. Shangazi yake mwandishi, ambaye ndiye mwenye nyumba, aliwatazama juu mpaka chini.

"Hawa wageni wako wanakula, au wanasomwa tu?"

"Wanakula, shangazi."

"Basi wamenye viazi."

Wakamenya viazi. Siku za kwanza waliitana mama na fundi, wakapishana mlangoni kwa adabu nyingi mno. Wiki ya pili mjane akagundua kwamba sikio la kushoto la fundi halisikii, akahamishia kiti chake upande wa kulia. Wiki ya nne fundi akamwambia anachoogopa: kuitwa na mtu anayempenda, asisikie, mpaka mtu huyo achoke kuita. Mjane akaweka kisu chini. Hakumgusa. Aliitazama tu mikono yake yenye makovu, jinsi ilivyokishika kiazi taratibu, na joto likampanda shingoni. Shangazi alikwenda kufungua dirisha.

Mwandishi akampigia mhariri simu, naye mhariri akaja kujionea mwenyewe. Akapewa chai. Mbele yake mjane alikuwa akimkunjulia fundi kola ya shati, na kidole chake kikachelewa kidogo pale shingoni, kikashuka, kikasita, kikarudi. Fundi alifumba macho. Chai ya mhariri ikapoa. Akalia. Alilia kweli, jamani, machozi yakidondokea kisahani.

"Miaka ishirini nasoma miswada," alisema. "Sijaona kitu kizuri kama hiki."

"Basi kichape kizima, kaka."

"Aa, hapana." Akapangusa macho. "Wakishaingia chumbani, niite."

Waliingia Alhamisi, baada ya chakula cha mchana. Mjane alimfungua vifungo kimoja kimoja, kama mtu asiye na safari, akamnong'oneza jambo kwenye sikio la kulia. Fundi alilisikia vizuri sana, lakini akamwomba arudie. Akarudia, midomo ikigusa ngozi. Mwandishi alisikia mpaka hapo, na moyo ukamjaa furaha na uchungu kwa pamoja. Alimshika shangazi mkono wakaenda kukaa kwenye ngazi za nje. Hakumwita mtu, wala hakuandika.

Mhariri hakungoja. Aliagiza kurasa nyingine tisa kwa mwandishi mwingine, zisizo na bomba wala viazi, na mwezi haukwisha kabla kitabu hakijatoka. Kilinunuliwa sana.

Siku ya tatu mlango wa shangazi ukagongwa. Mlangoni alisimama mwanamume mtanashati, kifua wazi, viatu mkononi. Mwandishi hakuwahi kumwandika. Alimkaribisha, akamsogezea kiti na kumpa kisu cha viazi. Yule bwana akakaa, akakigeuzageuza kisu.

"Samahani, dada," alisema. "Mimi ni nani?"