Mtambo Ulioshibishwa Molasi

Harufu iliyotoka kwenye mtambo wa baiogesi haikuwa ya mavi. Mavi ya ng'ombe Wangechi aliyazoea tangu utotoni. Hii ilikuwa ya maziwa yaliyochacha na matapishi, na ilimkaba koo mpaka machozi yakamtoka.

Joan, fundi aliyeujenga mtambo huo, alichovya karatasi ya kupima asidi, akaitazama, akatema mate kando.

"Mama Maina, umekuwa ukilisha hii kitu nini?"

Wangechi alimweleza kwa aibu. Ng'ombe akiongezewa dairy meal na molasi, maziwa hupanda. Naye akadhani mtambo ukilishwa vizuri utaongeza gesi, kwa hiyo wiki mbili nzima akamwaga humo dairy meal, molasi na viazi vilivyooza vikingoja lori.

"Dairy meal?" Joan alifunga macho. "Hii si ng'ombe, mathe. Humo ndani kuna bakteria wa kila aina. Ukiwapa mavi tu, chakula ni ngumu, so kila mmoja anatafuna kidogo anapitishia mwenzake, na wa mwisho ndio wanatoa gesi. Ukiwamwagia sukari, walafi wachache wanazaana haraka, wanajaza asidi, hao wengine wanakufa. Sasa umebaki na walafi."

Wangechi aliutazama uji wa kijivu ukitoa povu. Yeye mwenyewe ndiye aliyewaandalia karamu.

"Itachukua muda gani?"

"Toa nusu na ndoo, uombe jirani tope ya mtambo yake irudishe hao waliokufa, halafu ulishe kidogo kidogo. Mwezi moja, hata mbili."

Mwezi wa kuni. Mtambo ulijengwa kwa sababu ya Cucu Wangui, mama mkwe wake, ambaye kifua chake hakivumilii moshi. Cucu alikuwa ameketi mlangoni na alisikia kila neno. Akainuka, akaingia ndani.

Kufikia ndoo ya ishirini Wangechi alikuwa amelowa uchafu hadi mabegani na ametapika mara mbili. Alijichukia. Ndipo Cucu akatoka na mkoba.

"Wacha niende Keringet kwa msichana wangu," alisema, bila hasira.

"Gesi ikirudi nitakupigia, Cucu."

"Haya."

Wangechi alimwendea, mikono wazi, amuage. Cucu akarudi nyuma hatua mbili, leso puani, akaanza kukohoa. Wangechi akashusha mikono.