Zamu ya Bahari katika Mfongo wa Kibosho

Asubuhi ya Jumatatu Kornelia alikuwa ameinama kwenye mfongo, mfereji wa maji wa kijiji, akiziba kwa udongo na magamba ya mgomba ili maji yageukie kihambani kwake, kwenye migomba na mikahawa yake, kwa kuwa siku hiyo zamu ilikuwa yake. Hatua chache juu yake, katika banda la zamani la kumenyea kahawa, serikali ilikuwa inatengeneza vifaa vya wazamiaji wa baharini.

Bahari haipo Kibosho. Hilo kila mtu alilijua, hata Theodory, mkurugenzi wa Taasisi ya Zana za Wazamiaji. Lakini Theodory alikuwa amefika pwani mara moja maishani, akatoka vipele vya joto mgongoni, akaapa kutorudi tena. Kwa hiyo taasisi ilipozaliwa, katika ile miaka ya madaraka mikoani, alihakikisha inazaliwa karibu na ndizi za mama yake. Katika hotuba ya ufunguzi alieleza kwamba mzamiaji ni mkulima wa majini, na mahali pa mkulima ni kijijini. Watu wakapiga makofi. Enzi zile watu walipiga makofi hata mbwa akipiga chafya, mradi alikuwa amesimama jukwaani.

Kazi yenyewe ilikuwa ya maana. Huko bahari ya kusini vijana walishuka kwenye giza la maji kufunga mabomba, wakivuta hewa kwa mpira mrefu kutoka juu, na vichwani walivaa makofia ya chuma ambayo Wazungu walikuwa wameyachoka. Ilitakiwa kofia mpya, nyepesi na salama zaidi. Primus, mwana wa Kornelia, alikuwa mmoja wa vijana hao, akarudishwa nyumbani ili kofia ipimwe kichwani kwake. Aliyeifua ni Mohinder, Kalasinga mwenye gereji mjini Moshi, mtu wa matusi na majigambo. Kofia ilikuwa nzuri. Ubavuni, pale mpira ulipoingilia, ilikuwa na vali iliyochomoza kama ngumi ya mtoto.

"Hii hapa," Mohinder alisema akiigonga kwa bisibisi, "hewa inaingia, haitoki. Mpira ukikatika, unabaki na hewa yako. Bila hii, hewa inakimbia juu, na bahari inakusukuma wewe mzima ndani ya kofia. Miguu, tumbo, kila kitu. Kama ugali kwenye kikombe."

"Fundi, umeshakula?" Primus akamwuliza.

"Bado."

"Basi kale kwanza, ndiyo uje unifananishe."

Tatizo lilikuwa sanduku. Fungu la fedha za samani lilifika kabla ya fungu la chuma, na Theodory hakuwa mtu wa kuliacha fungu lilale. Seremala alitengeneza sanduku la mninga lenye kifuniko cha kioo, la kuonyeshea kofia siku ya Sabasaba, wakati kofia yenyewe ilikuwa bado haijachorwa. Kofia ilipokamilika ikawekwa ndani, vali ikazidi, kifuniko kikagoma kufunga. Theodory akaagiza vali iondolewe.

"Si afadhali kukata sanduku?" Primus akauliza.

"Sanduku limeshakaguliwa," Theodory akasema.

Jumatatu hiyo ndipo bahari ilipokuja. Taasisi ilikuwa haijawahi kuipimia kofia popote zaidi ya pipa la mvua, na safari zote za pwani Theodory alizikataa, kwa ajili ya vile vipele. Bahari ikaona ije yenyewe. Ilipanda kwa upande wa Kahe, ikafuata mto, ikakunja kona kwenye mfongo, ikaingia katika kihamba cha Kornelia na kukaa kwenye maharage yake. Kornelia alichovya kidole, akaonja, akatema, akaenda kumwita Leodegar, mzee wa mfongo, mgawa zamu, ambaye kwa heshima aliitwa Meku.

"Shikamoo, Meku."

"Marahaba. Nani kachezea maji?"

"Bahari."

"Nayo imetumwa na nani?"

"Haikusema."

Leodegar akatazama mawimbi yakigonga shina la mkahawa. "Leo si zamu yake," akasema.

Bahari ikatozwa faini kama mwizi wa maji yeyote: mtungi wa pombe ya mbege na mbuzi. Kwa kuwa hayo haikuwa nayo, ililipa kwa lundo la changu na kamba, ambao hakuna mtu wa pale aliyewagusa, isipokuwa Primus aliyejifunza tabia hizo pwani. Paka wa parokia walinenepa. Kisha Leodegar akaipangia bahari zamu, kila Jumatano jioni, na tangu hapo haikuwahi kuja mapema wala kuondoka imechelewa. Ukitaka kujua tofauti ya bahari na mkurugenzi, anzia hapo.

Jumatano ikafika. Mfongo ulikuwa na upana wa jembe, lakini bahari ilikuja na kina chake chote. Primus akavaa kofia yenye vali, akashuka kwa kamba mpaka Mohinder akawa anamwona mdogo kama punje. Bahari ikaukata mpira kwa gamba la chaza. Primus akavutwa juu, akatoka anakohoa, kisha anacheka.

Halafu Mohinder akaifungua vali, akaiweka kando. Safari hii hakushushwa mtu. Kornelia alitoa mgomba, ukavishwa suti ya kuzamia na kofia, ukashushwa. Bahari ikakata mpira tena. Walipoupandisha, suti ilikuwa imelegea kama soksi, na mgomba wote, uliokuwa mrefu kuliko Primus, ulikuwa ndani ya kofia. Mohinder aliutoa kwa upawa, akitukana kila anapochota.

Theodory alikuwa amesimama pembeni chini ya mwavuli.

"Mgomba si mtu," akasema. "Na hiyo bahari haina kibali cha safari. Majaribio yake siyatambui."

"Ndugu Mkurugenzi," Primus akasema, "kofia hiyo nitaivaa mimi."

"Utaivaa kwa muda tu. Sabasaba ikipita tutaunda kamati ya vali."

"Na nikifa kabla ya kamati?"

"Primus, usilete siasa kazini."

Vali ikaondolewa. Kusini nako walitaka kofia ishushwe walau mara moja, ili kwenye maonyesho iandikwe kwamba imefanya kazi, na Primus akapangiwa safari. Kukataa kazi enzi zile kulikuwa na jina lake, na jina hilo lilikuwa na nyumba yenye nondo madirishani. Kornelia alimfungia ndizi za kuchoma. Mohinder aliifunga vali katika kitambaa ili ampe Primus aifunge mwenyewe huko, lakini Theodory akamnyang'anya pale stendi, mbele ya basi, kwa sababu ilikuwa mali ya umma.

Jumatano moja jioni bahari ilikuja kwa zamu yake. Ilikuja polepole, imebeba kofia, ikaiweka ukingoni kwa Kornelia. Suti ilikuwa inaburuzika nyuma, tupu. Kornelia akapiga magoti, akachungulia kwenye kioo cha kofia, akaona jicho moja, kidole cha mguu, na kipande cha rozari.

"Umerudi," akasema.

"Nimerudi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mpira ulikatika?"

"Ulikatika."

"Umekula?"

Akapika mtori mwepesi wa ndizi, akaumimina kwa tundu ambalo vali ilitakiwa ikae. Mohinder akaja na upawa, lakini Primus akamwomba aache, maana alikuwa anagusa mahali pabaya. Siku hiyo Mohinder hakutukana. Padri alipofika alikosa pa kumpaka mafuta, akapaka chuma. Taasisi ilimhesabu Primus kuwa yuko likizo.

Sabasaba ilipokaribia, Theodory alipanda mpaka kwa Kornelia ameshika jani la isale. Wote waliokuwa uani wakaacha kazi. Kwa watu wa mlimani mtu akikuletea isale humkatalii, hata kama amemwua ndugu yako; ndivyo koo zilivyoweza kuishi jirani. Kornelia alijifuta mikono, akangoja aombwe radhi, na alikuwa ameshaamua kutoa.

"Mama Primus," Theodory akasema, "naomba kofia."

Leodegar alitazama chini. "Jani limekuja," akasema kwa sauti ndogo. "La kuombea nini, anajua mwenyewe."

"Mama, mpe," Primus akasema kutoka ndani. "Ila kioo kipanguswe. Angalau nione mjini."

Kornelia alilipokea jani kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Theodory alipogeuka, Kornelia akampa mbuzi jani lile ale. Mbuzi alilionja, akalitema.

Katika maonyesho mjini Moshi kifuniko kilifunga vizuri, bila hata kukwaruza. Wageni walipita mmoja mmoja, na Primus aliwaamkia waliomzidi umri, maana alilelewa. Mgeni rasmi aliitikia marahaba, akasema kofia ni nyepesi, na imenyooka pande zote. Kornelia alisimama nyuma ya kamba na chupa ya mtori, lakini akaelezwa kuwa vitu vya maonyesho havilishwi. Kofia ikapata zawadi ya kwanza. Theodory aliipokea, akajifuta jasho, akasema ushindi ni wa wakulima.

Bahari inaendelea kuja Kibosho kila Jumatano. Inasimama kwenye kihamba cha Kornelia, inangoja, na zamu yake ikiisha inashuka bila kuchukua tone la maji ya mtu.

Na kusini wameagiza kofia nyingine nyingi, za muundo uleule, bila vali. Seremala alishamaliza masanduku yote. Vijana wa kuzivaa ndio bado wanatafutwa.