Zebaki ya Wanunuzi

Idara yetu ya takwimu ilinipa kazi ya kufuatilia zebaki: inaingia nchini kwa mlango gani, inapita mikononi mwa nani, inaishia wapi. Iliingia kwa jina la vifaa vya madaktari wa meno. Nilipopiga hesabu, kila raia angekuwa ameziba meno yote na kubakiwa na nyingine mfukoni. Karibu yote ilikuwa inakwenda kwa wachimbaji wa dhahabu, wanaoitumia kunasa chembe za dhahabu.

Sisi wa takwimu tuna utaratibu wetu. Uchafu hauandikwi kwa anayeumwaga, bali kwa anayenunua bidhaa mwishoni. Dhahabu yetu hununuliwa ng'ambo, basi kwenye jedwali langu zebaki nzima nikawabandika watu wa ng'ambo. Mkuu wangu alifurahi, na mimi kichwa kikanivimba.

Jumapili nilikwenda kwa mdogo wangu. Alikuwa na mimba ya tatu. Mbili za kwanza zilitoka, na hii tulikuwa tunaitunza kama yai. Mumewe ni mnunuzi mdogo wa dhahabu. Mezani nikawasimulia jedwali langu kwa mbwembwe zote.

"Kwa hiyo mzigo ni wa wanunuzi wa huko nje," shemeji akasema.

"Wote."

"Na sisi je?"

"Nyinyi sifuri, shemeji."

Alicheka, akaenda chumba cha nyuma kuwasha jiko la gesi. Mdogo wangu akamfuata, nami nikawafuata hadi mlangoni. Siku zote nilidhani shemeji anachomea dhahabu yake dukani. Kikaangoni palikuwa na donge la kijivu, dhahabu iliyoshikana na zebaki, na zebaki ilikuwa ikiondoka kwa moshi. Dirisha lilifungwa ili majirani wasijue kuna mali. Mdogo wangu alikuwa na kiti chake humo, kwa sababu mumewe hamwamini mtu mwingine kumlindia dhahabu.

Niliingiwa na hofu.

"Toka humo," nikamwambia. "Huo moshi ndio zebaki yenyewe. Huenda ndio uliokutolea zile mbili."

"Dada, si umesema sasa hivi sisi sifuri?"

Nikaanza kumweleza kwamba jedwali hufuata mauzo, halifuati mapafu ya mtu. Shemeji akasema dhahabu inakaribia kuwa tayari, tusimchanganye. Mdogo wangu alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akachagua kuamini yale niliyosema mezani, akafunga mlango, yeye akiwa ndani.