Maili Elfu Nne Kutoka London

Mwaka wa 1953, Nasirumbi alitembea siku mbili kutoka Lunyo hadi Tororo kumfuata mdogo wake, Ojiambo, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni Ulaya. Mama yao, Teopista, alikuwa hoi kitandani, na kila akizinduka aliuliza neno moja tu: "Mwanangu ameshafika?" Ndipo mchuuzi mmoja wa samaki alipoleta habari kwamba Ojiambo yuko Tororo, siku ya nne sasa, anakunywa chai.

Na kweli alimkuta anakunywa chai. Alikuwa ameketi barazani kwenye hoteli ya Emojong, tai shingoni, amevaa suti ya sufu katika jua lile, jasho linamtiririka kama mbuzi aliyenyeshewa. Watu walikuwa wamemzunguka.

"London mpaka Entebbe ni maili elfu nne," alikuwa akisema. "Na siku nzima haikuisha, niko chini! Nyinyi mkienda Malaba tu hapo, mnafunga chakula cha njiani."

Watu wakacheka. Nasirumbi alimtazama, akakumbuka jinsi bingwa huyu utotoni alivyokuwa hawezi kuvuka kijito bila kubebwa mgongoni. Na mgongo wenyewe ulikuwa wake.

"Ojiambo, mama anakufa."

Kikombe kikashuka. "Dada, nakuja. Bwana mmoja wa bomani ameniahidi motokaa. Keshokutwa."

"Kwani miguu imekuishia?"

"Barabara ni tope tupu. Na hivi viatu..." Akaviinamia kwa huruma ambayo mama yake hakuipata.

Emojong, mwenye hoteli, akatoa baiskeli yake. "Chukua bure, ndugu yangu. Ukianza sasa, jioni uko kwa mama."

Ojiambo akaguna. "Mtu aliyepanda ndege aonekane juu ya baiskeli?"

Emojong akamgeukia Nasirumbi. Alifuta kiti cha nyuma kwa kanzu yake mwenyewe. "Mama, panda wewe."

Walifika Lunyo giza likiingia, matope hadi magotini. Teopista akafumbua macho.

"Yuko wapi?"

Nasirumbi angeweza kusema kweli. Akaona aibu, si kwa ajili yake mwenyewe bali ya mdogo wake. "Bado yuko hewani, mama."

"Maskini," akasema Teopista. "Safari ndefu hiyo."

Kesho yake mchana akafariki.

Motokaa ilikuja siku ya tatu baada ya maziko. Ojiambo alishuka, akapangusa suti, akauliza kaburi liko wapi.

"Nyuma ya nyumba, hatua ishirini," Nasirumbi akamwambia. "Utatembea, au tukuagizie ndege?"

Waombolezaji wakainamisha vichwa. Ojiambo akaenda peke yake, hakuna aliyeinuka kumsindikiza. Nasirumbi alikuwa ameshageuka, anamwongezea Emojong mihogo; mtu yule hakuwa ndugu wala jirani, lakini alikuwa amebaki kuchimba kaburi.