Mguu wa Dereva

Jumamosi tatu mfululizo kigari cha Dereva kilizimika katikati ya mashindano, na mara zote tatu kilinuka plastiki iliyoungua. Kilikuwa lori dogo la rimoti linalotumia mafuta ya nitro, urefu wake hauzidi mkono, ila kelele zake zilitosha kuamsha mtaa mzima. Chama chao cha waendesha vigari kilikuwa na sheria moja isiyo na huruma: ukishindwa kumaliza dakika kumi na tano mara nne mfululizo, unampisha mwingine kwenye mstari wa madereva, wewe unakwenda kukaa na wapiga makofi. Jumamosi hii ingekuwa ya nne.

Na Dereva hakuwa mtu wa kupiga makofi. Aliendesha malori ya mizigo miaka thelathini na moja, mpaka daktari wa macho alipoandika barua ya mistari miwili na leseni ikaenda na maji. Usukani pekee aliobakiwa nao duniani ulikuwa huu wa rimoti, mdogo kama kifuniko cha kopo. Akiukosa na huu atakuwa nani? Mzee fulani tu aliyekaa kwenye kiti. Wazo hilo lilimtisha kuliko kaburi.

Basi wiki ile meza ya chakula iligeuka gereji. Injini haikuwa na kosa. Injini kuwa ya moto ni jadi yake. Kilichowaka ni huko nyuma, kwenye gia na difu ya kati inayogawa nguvu kwa magurudumu, mahali ambapo hapakustahili kuwaka. Jumatatu alishuku kwamba gia zimebanana. Akakata kipande cha karatasi, akakiweka kati ya meno ya gia ndogo na ile kubwa, akazisukuma zikutane, akakaza, kisha akachomoa karatasi ili gia zibaki na nafasi ya kupumua. Karatasi yenyewe ilikuwa kadi ya harusi ya mpwa wa mkewe, lakini hilo lilijulikana baadaye. Jumanne alibadilisha beringi zote. Jumatano alifungua difu akaipaka grisi, hata kitambaa cha meza kikapata mgao wake. Kila jioni alikijaribu kigari uani, na kila jioni mkewe alikielekezea kile kipimajoto cha kupimia wajukuu homa kwenye paji la uso.

"Kinasemaje?"

"Kimekataa kusema. Kingekuwa mtoto, saa hizi tungekuwa hospitali."

"Lakini nimeshakaza kila kitu!"

"Labda ndiyo shida. Mpigie Utingo simu."

Dereva akakunja uso. Utingo alikuwa msaidizi wake kwenye lori kwa miaka ishirini: kufunga turubai, kuweka kabari chini ya gurudumu, kulala juu ya mizigo. Sasa alikuwa na duka la vipuri, kitambi, na kigari chake mwenyewe kilichoshinda kila Jumamosi. Kumwomba utingo msaada ni sawa na mwalimu kumpelekea mwanafunzi daftari amsahihishie.

"Siwezi."

"Basi nitampigia mimi. Mficha uchi hazai, baba watoto."

Utingo alifika Ijumaa mchana, akavua viatu mlangoni.

"Shikamoo, Dereva."

"Marahaba. Umenenepa."

Utingo alikinyanyua kigari, magurudumu hewani, akamwambia Dereva awashe rimoti bila kuwasha injini, aguse kitufe cha mafuta kidogo tu. Kisha akasukuma gurudumu kwa kidole. Lilizunguka nusu, likasimama kama limekatazwa.

"Dereva, breki imeshika."

"Lazima ishike! Gari lisiloshika breki ni jeneza lenye taa."

"Imeshika hata ukitia mafuta." Akamwonyesha kinati kidogo kwenye fimbo ya breki, kilichokazwa mpaka mwisho. "Diski ya breki inasuguliwa muda wote, joto linapika gia. Nani kakaza hapa?"

Mke wa Dereva akaanza kufuta meza ambayo alikuwa ameshaifuta.

Dereva alikumbuka vizuri. Kila alipomaliza kurekebisha kitu kingine, alikiongezea kinati kile nusu mzunguko, kwa usalama tu. Kikulacho ki nguoni mwako, na chake kilikuwa vidoleni.

"Ni mguu wako uleule," Utingo alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Tangu ule mteremko breki zilipotufia, hukuuinua tena juu ya breki. Miaka tisa nilikuwa nanusa pedi za breki zikiungua, nanyamaza."

"Kwa nini hukusema?"

"Utingo anamwambia nini dereva?"

Dereva aliona aibu, kisha hasira, kisha aibu tena. Alichukua spana ndogo akakilegeza kinati mwenyewe. Gurudumu likazunguka, likazunguka, mpaka mkewe akauliza kama litasimama leo.

Jumamosi walisimama bega kwa bega, kila mtu na rimoti yake. Uwanjani kulikuwa na kilima cha udongo kisichozidi kimo cha kiti, lakini kila kigari kilipofika kileleni kidole cha Dereva kilikimbilia breki.

"Achia," Utingo alinong'ona. "Acha kiteremke."

Akaachia. Kigari kikashuka, kikakata kona, kikaendelea. Dakika ya kumi ikapita. Ya kumi na mbili.

"Kushoto kuna jiwe, Dereva."

"Nimeliona." Hakuwa ameliona.

Firimbi ikalia kigari kikiwa bado kinanguruma, cha sita kati ya saba, na Dereva akapiga yowe watu wakageuka.

"Wa saba ni nani, tumcheke?"

Watu wakatazama pembeni. Kigari cha Utingo kilikuwa kimelala chali mtaroni, magurudumu juu, tangu dakika ya tatu. Mwenyewe bado alikuwa ameikumbatia rimoti kwa mikono miwili.

"Hukukiona kikipinduka?"

"Nilikuwa natazama chako," Utingo alisema, akijikuna kitambi. "Mazoea."

Dereva akaweka rimoti yake chini, akashuka mtaroni na magoti yake mabovu, akakipindua kigari cha utingo wake kikasimama, akakifuta vumbi kwa mkono wa shati.